Faili Zilizofichwa Ghalani

Bomba lilikohoa gizani, likatema hewa, kisha maji yakaanza kudondoka kwenye ndoo. Modesta aliamka kukinga kabla hayajakatika, kama wenzake wote wa Igogo siku ya mgao. Ndoo ya pili ilikuwa inajaa alipotambua kuwa simu yake haijalia.

Kila alfajiri saa kumi na moja, programu ya kazini kwao, ile inayochunga minara ya intaneti usiku kucha, humtumia ujumbe: minara yote salama. Leo kimya. Na leo ndiyo siku mzee Aftab, mwenye kampuni, aliyosema ataamua: amwajiri Modesta moja kwa moja, au kazi ampe fundi wa mkataba.

Saa moja asubuhi alishafika ofisini Mabatini. Shule zimefungwa, kwa hiyo Queen, binti yake wa miaka mitano, alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka na andazi lake mkononi. Programu iligoma kuwaka. Iliandika mstari mmoja tu: faili za maktaba hazipatikani.

Modesta alielewa. Programu haijitoshelezi, ni kama mpishi anayeazima kinu kwa huyu na ungo kwa yule. Faili za maktaba ndivyo vyombo vyake vya kuazima. Akaiamuru kompyuta iorodheshe zinazohitajika. Mbili hazikuwepo mahali pake. Diski ilikuwa nzima, na umeme haukukatika. Faili hazina miguu.

Mzee Aftab akaingia, miwani kaipandisha kwenye paji la uso.

"Binti, mimi nisikie kwa wateja kwamba mnara wa Kisesa umezima? Programu ya kazi gani sasa? Basi, nimemwita Ndalahwa, yule fundi wa mkataba. Yuko njiani."

Modesta akashusha pumzi. Mwalimu Ndalahwa! Huyo ndiye aliyemfundisha miaka miwili ya masomo ya jioni, Queen akiwa mgongoni. Wenzake walipocheka mtoto akilia, mwalimu alisema, "Mwacheni, naye anasoma." Wiki mbili zilizopita alipita hapa akaomba afunguliwe njia ya kuingia kwenye mtambo akiwa kwake. "Nikuangalizie tu, mwanangu." Nani humnyima mwalimu wake ufunguo?

Akaitafutisha kompyuta zile faili mbili, kila pembe ya diski. Zikaonekana. Zilikuwa kwenye folda iitwayo "ghalani".

Neno hilo alilijua.

"Mkulima hatupi mbegu," Ndalahwa alikuwa akiwaimbia darasani. "Usifute kitu. Hamishia ghalani." Akatazama nani kazihamisha. Akaunti: mwalimu. Jana saa mbili usiku, wakati yeye akimsuka Queen nywele.

Angekuwa adui, angefuta. Huyu alimwibia kazi kwa utaratibu uleule aliomfundisha, kwa mkono safi. Hilo ndilo lililomuuma hata machozi yakamlenga. Akayafuta kwa ukingo wa khanga, akazirudisha faili mahali pake, akaiwasha programu.

Minara ikaanza kujitokeza kwenye kioo mmoja mmoja. Wa Kisesa ulikuwa mwekundu, na sasa kila mtu angeuona.

"Mama Queen!" Ndalahwa alikuwa mlangoni na begi lake. "Nasikia mtambo umekushinda? Usione haya. Kompyuta siyo mboga, chumvi haikisiwi."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, nipishe kiti."

"Imeshawaka," Modesta alisema. Hakunyanyuka. Alimgeuzia kioo, na orodha ya folda ikiwa bado wazi.

Ndalahwa alisoma. Tabasamu likamkaukia mdomoni.

"Imewaka?" Mzee Aftab alisogea. "Sasa fundi wa nini tena? Binti, mchana njoo na vyeti vyako, tuandikiane." Akashusha miwani, akainama karibu na kioo. "Ila hapa pameandikwa faili zilihamishwa jana. Na mwalimu. Mwalimu ndiye nani?"

Modesta alikumbuka. Miaka miwili ya jioni, chaki, na yule mtu aliyewanyamazisha waliomcheka. Alimtazama. Ndalahwa alikuwa akihangaika na zipu ya begi isiyofunguka.

Queen akajifuta mafuta ya andazi, akanyoosha kidole.

"Mwalimu ni huyu hapa, ndiye aliyemfundisha mama."