Mashine ya Makazi Kumi na Saba

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumatatu moja ya Agosti 1998, kompyuta ya zahanati ya kijiji namba kumi na tatu ilifika kwenye geti la ofisi, Mpanda mjini. Ilikuja kwa miguu. Vumbi lilikuwa limeipanda hadi kwenye kioo, na waya wake ulikuwa umejifunga kiunoni kama kibwebwe. Malale, mlinzi wa getini, aliiuliza habari za huko, akaiandikia jina kwenye kitabu cha wageni kwa kuwa haikuweza kushika kalamu, akaionyesha benchi.

Donatille aliikuta hapo alipoingia kazini.

"Huyu anasema amezima wiki ya tatu sasa," Malale alimwambia. "Anauliza mbona nyie hamjaja."

Swali lilikuwa la haki. Shirika lao la afya lilikuwa limegawa kompyuta kwenye zahanati ishirini, kila moja na jina lake: ikola-1, kasekese-2, mwamkulu-1. Zile za makazi ya wakimbizi Warundi zilifuata namba za vijiji, makazi-11 hadi makazi-19. Kila saa kompyuta kubwa ya ofisini iliziita kwa redio, moja moja. Isiyoitika, basi umeme wake wa jua umekufa, na friji la chanjo limekufa nao. Hapo printa ililia, fundi akawasha gari.

Si kila jina liliruhusiwa kuliza printa. Kompyuta za makarani, zenye majina yasiyo na namba, nazo zilizimwa kila jioni, na kama zote zingesikilizwa watu wangekuwa viziwi. Kwa hiyo Donatille aliandika kanuni ya kuchuja majina, mstari mmoja tu: neno, kistari, tarakimu, na nyuma ya tarakimu alama ya kujumlisha, yaani tarakimu iwe moja au zaidi, kisha jina liishe. Aliupenda mstari ule kuliko cherehani yake. Silvester, mkuu wake, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. Ndiye pia aliyesimamia ndoa yake.

Alifungua faili. Alama ya kujumlisha haikuwepo, iliondolewa Juni. Bila hiyo, kompyuta kubwa ilijali majina yenye tarakimu moja tu. Ikola ikizima, printa inalia. Mwamkulu ikizima, inalia. Makazi yote tisa yangeweza kufa siku moja na printa isikohoe. Juu ya mstari bado palisomeka kwamba kanuni ni ya Donatille.

Aliirudisha alama. Kesho yake haikuwepo tena, na faili lilikuwa limefungwa, aweze kusoma tu. Akaiita makazi-17 mwenyewe kwa redio, kwa sababu ndiko alikozaliwa na ndiko mdogo wake Aline alikokuwa muuguzi. Haikuitika. Gari halikuwepo, printa ilikuwa imelia kwa ajili ya Ikola.

Akamfuata Silvester mezani kwake.

"Ni wewe umeifuta, bosi?"

"Ni mimi, dada. Gari ni moja, na kule kunazimika kila wiki. Ripoti ilikuwa inachafuka."

"Kule yupo Aline."

"Najua. Msalimie."

Alirudi kwenye kiti chake. Kama Silvester angekuwa adui, Donatille angejilinda naye. Lakini huyu alikaa kwao siku tatu za harusi, akala ugali wa mama yake, akaitwa baba, na mkono uleule ndio uliofuta. Donatille aliona aibu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana aibu haikuwa yake.

Kufikia Alhamisi makazi-11, makazi-15 na makazi-18 zilikuwa zimekuja. Silvester aliona wageni wanasongamana, akaagiza benchi la pili na kitambaa cha kuwafutia vumbi. Watu wa ofisini walimsifu kwa roho nzuri.

Ijumaa iliingia makazi-17, ikichechemea. Chini ya kibodi palikuwa na karatasi iliyokunjwa, mwandiko wa Aline.

"Dada, friji lilikufa tarehe mbili Julai. Surua ikaja mwisho wa mwezi. Tumezika watoto wanne. Wazazi walitaka kutuma mtu wa baiskeli mjini, nikawaambia hakuna haja, Donatille yuko pale, ataona. Tukakaa tukisubiri. Leo mashine imesema imechoka, inakwenda yenyewe."

Donatille alisoma mara mbili, akaketi kando ya mashine. Hakuna aliyelia, mashine ilikuwa imezima, na yeye hakuweza.

Silvester alitoka ndani na bahasha ya ripoti ya robo mwaka, iliyosema zahanati zote ziko hai. Akawasalimia wote wawili, Donatille na mashine, akaelekea posta.