Amefikia Wapi, Walburga?

Kwa miaka arobaini nimelala kanisani mgongo umenyooka kama mshumaa wa Pasaka, na aliyejua ni jirani yangu Walburga peke yake. Nikizinduka humgusa kwa kiwiko. Naye, bila kugeuza shingo, huninong'oneza padri alipofikia, nami hutikisa kichwa kama mtu aliyeguswa sana. Kijiji kizima cha Mkumbi huniita Mama Mahubiri. Jina hilo sikuliomba, ila sikulikataa.

Sasa mjukuu wangu Ottilia, fundi wa kompyuta, alitunga programu ya kusikiliza. Mtambo wa kumenya kahawa pale kwenye kikundi chetu cha wakulima unatangaza zamu, kila tangazo na namba yake, nayo simu ya mkulima inapokea. Haijibu, haibishi, kazi yake kutega sikio. Aliiweka wazi mtandaoni, anayeitaka aichukue bure, hata airekebishe.

"Umetengeneza mume tuliyemtafuta ujana mzima," nikamwambia, "halafu unamgawa bure!"

Lakini mawingu yakitua kilimani kwetu, mtandao hukatika. Ukirudi, simu husikia la sasa tu, yaliyopita yamepita. Ndivyo mkulima mwenzetu Baltazar alivyokosa zamu, kahawa yake mbivu ikashinda kwenye magunia hadi ikachacha. Akaapa kwamba mkutano wa Ijumaa utaitupa programu hiyo.

Ottilia akaja jikoni kwangu, kompyuta magotini, uji wake umepoa.

"Bibi, mtandao ukirudi inaunganika upesi. Ila inarudi kama mgeni. Haijui iliachia wapi."

Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Dawa nilikuwa nayo. Shida, dawa yenyewe ilikuwa aibu yangu.

"Kwani haiwezi kuuliza?"

"Iulize nini?"

"Ishike namba ya mwisho iliyoisikia. Ikirudi iseme, mimi niliishia kumi na saba, nipe kuanzia kumi na nane. Mbona mimi na Walburga..." Nikauma ulimi.

"Wewe na Walburga mnafanyia wapi hayo, Bibi?"

"Misani."

Alicheka mpaka kompyuta ikateleza ikaangukia kapu la maharage. Kisha akaiokota, akaanza kuandika. Kumbe mtambo ulikuwa umeyatunza matangazo yote. Haukuwahi kuulizwa tu.

Ijumaa, Baltazar akasimama. "Tutajuaje kwamba haitatuacha tena?"

Ottilia akaeleza kwa maneno ya chuoni, wakulima wakamtazama kama kuku wanaotazama redio. Nikaona mtoto anazama. Basi nikainuka, mimi Mama Mahubiri, nikaumwaga usingizi wangu wote hadharani, tangu enzi za padri aliyetangulia. Kicheko cha watu nadhani kilifika hadi kijiji cha Mbuji. Programu ikabaki. Asiyecheka alikuwa Baltazar peke yake.

Jumapili nikakaa mahali pangu, macho nimeyakodoa, nimeapa sitalala. Padri hakufika sentensi ya nne.

Nilipozinduka nikamgusa Walburga. Walburga kalala, mdomo wazi! Miaka arobaini mizima hajanifanyia hivyo. Nikabaki nimenyooka, sijui tupo wapi, sijui nitikise kichwa au nisikitike.

Benchi la nyuma likalia. Sauti nzito ya Baltazar ikaniingia sikioni, polepole.

"Kondoo tisini na tisa wapo, Mama. Yule mmoja bado anatafutwa."