Mguu wa Annonciata

Vénérande alikuwa anapura maharage alipopigiwa simu kwamba mguu wa mdogo wake umevimba. Alitupa fimbo, akapanda bodaboda mpaka kwa mjomba wao, Révérien, upande wa pili wa makazi ya Mishamo.

Alimkuta Annonciata mkekani, mguu wa kushoto umejaa kuanzia kigimbi hadi pajani, una moto. Mjomba alikuwa anafunga mzigo.

"Tunampeleka kwa mganga," alisema. "Amekanyaga kitu alichotegewa."

"Mama naye alikanyaga?" Vénérande aliuliza. "Si alikufa siku tisa baada ya kumzaa huyu, mguu hivihivi? Na kaka Arcade? Na mimi, mwaka juzi? Huyo mchawi mbona anatega watu wa tumbo moja tu?"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Nimepunguza miaka miwili, mjomba!"

Miaka miwili nyuma, alipougua yeye, daktari alimweleza kuwa damu yake ina upungufu wa protini inayoizuia isigande ovyo. Ni kasoro ya kurithi. Ndugu wote wapimwe, na wanawake waseme kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango, maana vingine huongeza hatari. Alirudi, akawakalisha wote, akawaeleza. Waliitikia, wakaendelea kula.

"Unameza vidonge?" alimuuliza mdogo wake.

Annonciata alitazama ukuta. "Mwezi wa nne sasa."

"Nesi ulimwambia habari za ukoo wetu?"

"Hakuuliza."

Vénérande alitoka, akamwomba jirani, mwalimu Damiano, gari, wakampakia mgonjwa hadi hospitali ya Mpanda. Ultrasaundi ilionyesha donge la damu pajani. Jioni hiyohiyo Annonciata akaanza kuchomwa sindano za tumboni za kuzuia damu isigande.

"Lingekatika, lingekwenda kwenye mapafu," daktari alisema. "Mbona hamkusema mapema kwamba mna tatizo hili kwenye familia?"

Vénérande alimgeukia mjomba. Mjomba alikuwa anakagua viatu vyake.

Siku ya nne uvimbe ulianza kushuka. Mjomba alikunja mkono wa shati bila kuambiwa, akaomba naye atolewe damu apimwe. Hapo moyo wa Vénérande ukalainika kidogo.

Ndipo Annonciata akajiinua kitandani.

"Lakini dada, kitu kikubwa hivi, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu!"

"Basi hukusema vizuri."

Vénérande alichukua chupa ya uji, akaenda kuketi nje.