Tofauti Aliyoiandika Sikio

Siku ya nne Sikio alifunga mlango wa chumba cha sauti, akaweka kiti chake katikati ya spika mbili, akafumba macho na kumsikiliza mama mmoja akisoma ukurasa uleule kwa mara ya kumi na moja. Akafumbua macho. Hakuna kitu. Sauti ilikuwa safi, haina kasoro, na ilikuwa ileile ya Jumatatu, kabla kadi mpya haijafungwa.

Kadi yenyewe ililetwa na wakala wa vifaa ndani ya boksi jeusi lenye sponji, utadhani mkufu wa bibi harusi. Ilikuwa kadi ya sauti ya kufungwa ndani ya kompyuta ya mezani, ya daraja la juu kabisa, imefunikwa bamba la chuma na kuwekewa taa ndogo nyekundu ambayo hakuna aliyejua inammulikia nani humo ndani ya kasha. Wakala aliwaachia waijaribu wiki moja. Studio yao ilikuwa ikirekodi vitabu kwa ajili ya watu wasioona, na mkurugenzi alitaka kujua kama kila chumba kifungiwe kadi kama hiyo au waendelee na sauti ya kuzaliwa nayo, ile inayotoka kwenye ubao wa kompyuta wenyewe.

Kwa mtu mwingine hiyo ni kazi ya kawaida. Kwa Sikio ilikuwa kesi. Wiki tatu nyuma alikuwa amepitisha kitabu kizima chenye mvumo chini ya sauti ya msomaji, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho, na wasikilizaji wasioona si watu wa kupitishiwa mvumo. Walilalamika siku hiyohiyo. Sikio alikuwa na mafua, masikio yameziba, lakini mtu aliyekalia kiti kile miaka ishirini na sita na kupewa jina la Sikio na wafanyakazi wenzake hawezi kusimama mbele ya watu akajitetea kwa mafua. Mkurugenzi, mama asiyezunguka maneno, alimwambia wazi kwamba barua ya kumhamishia stoo ya kanda ilishaandikwa, imebaki sahihi tu. Asikilize hiyo kadi, aandike anachosikia, naye akisoma ndipo ataamua.

Basi Sikio akajiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Alikuwa na rekodi zake mwenyewe alizozijua kuliko alivyoujua uso wake: punje za mchele zikimwagwa kwenye sahani ya bati, kwaya ya watu arobaini yenye mzee mmoja wa nyuma anayechelewa kila ubeti, na huyo mama msomaji aliyekuwa akimeza mate kabla ya kila aya. Jumatatu alizisikiliza zote kwenye sauti ya zamani, akaandika kwenye daftari. Jumanne asubuhi shemeji yake akaifunga kadi.

Huyu shemeji, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa fundi wa studio, mtu wa mvi na utani, na kila mtu alimwita Bisibisi. Aliingia chini ya meza akilalamika kwamba dada yake angemtafutia shemeji mwenye kazi isiyokaa mvunguni, akatoka na buibui begani, akawasha kompyuta, akagonga-gonga hapa na pale mpaka spika zikatoa sauti. Akasema mambo safi, akaenda zake kunywa chai.

Tangu siku hiyo Sikio hakupata usingizi wa maana. Alisikiliza kwa spika, akasikiliza kwa hedifoni alizozichomeka kwenye spika hizohizo. Alizima feni. Alivua viatu, eti ngozi yake isitoe mlio. Punje za mchele zilianguka palepale, mzee wa kwaya akachelewa vilevile, na yule mama akameza mate kwa sauti ileile aliyoiandika Jumatatu. Wakati huo karatasi iliyokuja na boksi ilikuwa inamkodolea macho mezani, ikiahidi kina, upana, uhai na uwazi usio na mfano. Watu wa mbali wameusikia huo uwazi, tena wakauandikia kurasa, na yeye aliyeitwa Sikio anaambulia patupu.

Nyumbani alianza vituko. Alimwomba mkewe amnong'oneze akiwa jikoni, naye akae sebuleni. Mkewe akanong'ona kwamba vitunguu vimekwisha. Sikio akajibu vimekwisha tangu jana. Akamwomba arudi hadi mlango wa uani, anong'one tena.

"Wewe masikio yako mazima," mkewe alisema alipochoka. "Nikikuita kula unasikia ukiwa barabarani. Uziwi unakuja nikikutuma dukani."

Alicheka, lakini moyoni hakucheka. Kunong'ona ni kitu kimoja, na hizo sauti nyembamba za juu, zinazoondoka za kwanza mtu akianza kuzeeka, ni kitu kingine. Aliogopa kwenda kupima hospitali, maana cheti kikishaandikwa kimeandikwa, na cheti cha aina hiyo kingemfuata hadi kazini. Kila alipoiwaza stoo ya kanda, chumba kisicho na dirisha ambako kazi ni kupangusa vumbi na kusoma lebo, aliahirisha safari ya hospitali. Alikuwa amekalia kuti kavu, na alijua.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya kuandika. Alikaa mbele ya karatasi tupu kuanzia saa mbili hadi saa nne. Angeweza kuandika mstari mmoja tu, kwamba hakusikia tofauti. Aliuandika kweli. Akautazama, akaona sahihi ya mkurugenzi ikikauka chini ya ile barua, akaufuta.

Kisha akapiga chuku. Aliichukua karatasi ya boksi, akayageuza maneno yake kidogo, akatia chumvi kwa ujuzi wake wa miaka ishirini na sita. Aliandika kwamba pumzi ya msomaji sasa inasikika kabla ya neno. Aliandika kwamba mwimbaji wa nyuma ya kwaya amesogea mbele hatua mbili. Aliandika kwamba kila punje ya mchele ina mlio wake. Yeye ambaye ripoti zake hazikuwahi kuvuka nusu ukurasa alijaza kurasa tatu, na ubaya zaidi ni kwamba zilisomeka vizuri. Alizipeleka ofisini kwa mkurugenzi kwa mkono wake, akaambiwa aje kesho saa nne.

Kesho yake, saa tatu na robo, Bisibisi aliingia chumba cha sauti bila utani. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Alikuwa ametangulia kufika kuifungua kadi, maana wakala alikuwa njiani kuichukua. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na vifuniko vitatu vidogo vya plastiki, vile vinavyozibia matundu ya kadi vikitoka kiwandani.

"Shemeji, nimekuharibia kazi," alisema. "Hivi nimevikuta mahali pake. Waya wa spika haujawahi kuingia kwenye hii kadi."

Akaeleza yote kwa sauti ya chini. Ile Jumanne alikuwa ameufunga mwili wa kadi vizuri, lakini waya wa spika ulibaki kwenye tundu la zamani, juu kidogo. Alipowasha, sauti haikutoka. Badala ya kuinama tena aangalie waya, alikwenda kwenye mipangilio ya kompyuta, akachagua mstari wa juu, sauti ikatoka, akaona mambo yamekaa sawa. Mstari wa juu ulikuwa wa sauti ya zamani. Wiki nzima Sikio alikuwa akisikiliza kompyuta ileile, kwa njia ileile, na kadi ya watu imekaa pembeni ikiwasha taa yake.

Sikio alisimama. Kwanza hakuelewa, halafu akaelewa, na furaha ikampanda ghafla hata akashika ukingo wa meza. Hakuwa kiziwi. Hakusikia tofauti kwa sababu tofauti haikuwepo. Siku zote hizo masikio yake yalikuwa yakimwambia kweli, tena yakirudia, na yeye ndiye aliyekuwa akiyabishia. Alicheka, machozi yakamlengalenga. Bisibisi alimtazama, akajaribu kucheka naye, kisha akakunja uso kama mtu anayepiga hesabu ambayo haikubali.

"Lakini shemeji, ripoti si umepeleka jana? Nimesikia ofisini wanaisifu. Sasa ulisikia nini?"

Furaha ikamshuka kama ilivyopanda. Sikio alikaa. Akasema hakusikia kitu.

Fundi ndiye aliyeanza kutafuta njia. Saa nne haijafika, alisema, na waya ni dakika moja. Wauchomeke sasa, wabadilishe mipangilio, Sikio asikilize, na akikuta kadi ni nzuri basi ripoti itakuwa imesema kweli kwa kuchelewa tu. Hayo mengine yafe humohumo chumbani. Akainama mvunguni kabla hajajibiwa, na Sikio hakumzuia.

Spika zikatoa sauti ya yule mama. Haikuchukua hata sentensi moja. Pumzi haikutangulia neno, na mzee wa kwaya, walipomfikia, alikuwa palepale alipokuwa. Kitu kilichobadilika kilikuwa kidogo: kati ya neno na neno palikuwa na utulivu. Ile sauti nyembamba kama ya mchanga unaochekechwa, aliyoizoea hadi akaacha kuihesabu kuwa sauti, ilikuwa imeondoka. Hicho ndicho kadi ilichofanya, na kingeenea kwenye mistari miwili. Hakuna hata neno moja la kurasa zake tatu lililokuwa kweli.

Alimwambia Bisibisi hivyo. Bisibisi akamwomba, kama atasema, basi na kosa la waya alitaje wazi. "Nitafokewa," alisema. "Nimeshazoea."

Kutoka chumba cha sauti hadi ofisi ya mkurugenzi ni hatua kama thelathini, na Sikio alibadilisha nia karibu kila hatua. Akinyamaza, kiti kinabaki chake, na hakuna atakayeumia, kwa kuwa kadi ni nzuri kweli. Akisema, ataonekana mzima wa masikio na mwongo kwa pumzi moja. Mbele ya mlango alipiga moyo konde. Kunyamaza. Si dhambi kubwa hivyo.

Mkurugenzi alimkaribisha kiti. Kurasa tatu zilikuwa mbele yake, zimepigiwa mistari kwa kalamu, na pembeni ilikuwepo ile barua. Alisema ameisoma ripoti mara mbili, na pale kwenye pumzi ya msomaji alisimama kidogo, akajiambia huyu ndiye mtu yule aliyemkuta hapa siku alipoanza kazi. Akaichukua barua, akaikunja mara moja, akaishika mkononi.

"Jana niliwapigia simu wale wasikilizaji waliolalamika," aliendelea. "Nikawasomea hapo kwenye pumzi. Unajua walisemaje? Kama Sikio ameisikia, na sisi tutaisikia."

Sikio akawaona. Aliwaona wameinamisha vichwa kwenye spika zao, wanaisubiri pumzi aliyoitunga, wanasikiliza tena na tena, wasiipate, na kila mmoja kimyakimya anaanza kuyatilia shaka masikio yake. Alijua usiku wa namna hiyo ulivyo.

"Ile pumzi sikuisikia, bosi," alisema. "Hakuna nilichosikia. Ripoti nimeitunga."

Akamweleza yote, waya na tundu, mstari wa juu, karatasi ya boksi. Hakujipunguzia, na kosa la Bisibisi alilitaja kama alivyoombwa. Alimweleza pia kile alichokisikia asubuhi hiyo, ule utulivu kati ya maneno. Mkurugenzi hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mkurugenzi aliikunjua barua taratibu, akailaza juu ya meza.

"Kwa hiyo wiki nzima masikio yalikuambia hakuna tofauti."

"Ndiyo."

"Na haikuwepo."

"Haikuwepo."

"Masikio ningeweza kuyavumilia, mzee wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Ningekuwekea mtu wa kukusaidia. Sasa kesho nikikuuliza umesikia nini, nitajuaje?"

Mkurugenzi akamshukuru kwa kusema, tena alimaanisha, akamwambia aende, wataongea mchana.

Alitoka akaufunga mlango nyuma yake, akasimama koridoni. Mlango ulikuwa wa mbao za kawaida. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha mkurugenzi akishusha pumzi, ndefu, iliyokatika katikati. Alisikia simu ikiinuliwa. Alimsikia akimwambia mtu wa utumishi aandike nakala mbili za ile barua ya stoo, anaisaini sasa hivi. Halafu kimya, yule wa upande wa pili akiuliza kitu, naye Sikio akakisikia hata hicho, sauti nyembamba kabisa ndani ya simu, ikiuliza kama ni kweli basi mzee hasikii tena.

"Hapana," mkurugenzi alisema. "Anasikia vizuri sana."

Kisha akasikia kalamu ikipita juu ya karatasi.