Gunia Kichwani mwa Nguzo

Asubuhi hiyo mhandisi alimpa karani wake karatasi aandike tangazo: nguzo ya kati ya jengo la ghorofa nne imebeba mara moja na nusu ya uwezo wake, wapangaji wahame kabla ya saa kumi jioni. Karani aliisoma anwani mara mbili. Ghorofa ya tatu aliishi shangazi yake, aliyemlea.

Saa tatu alilibandika mlangoni. Kufika saa tano, hakuna aliyetoka hata na mto. Watu walisoma, wakaendelea kuanika nguo.

"Mara moja na nusu tu?" alisema fundi viatu aliyekaa karibu na ngazi. "Mimi nabeba mara mbili, na mke wangu shahidi."

Karani hakuwa msemaji. Akiona watu watatu sauti humkauka. Alichukua kalamu akaandika upya: *Nguzo hii ni kama jino lililooza ndani. Kwa nje halionyeshi kitu.*

Shangazi alishuka, akalisoma kwa sauti.

"Mwanangu, jino langu limeoza huu mwaka wa sita. Natafunia upande wa pili."

"Basi na sisi tuhamie upande wa pili," fundi alidakia, na ngazi nzima ikacheka.

Katikati ya kicheko, vumbi la saruji lilimdondokea karani begani. Alichuchumaa penye nguzo. Asubuhi ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Sasa ukucha uliingia. Jino bovu mtu huvumilia, aliwaza. Nimewaambia kuhusu nguzo, sijawaambia kuhusu wao.

Aligeuza karatasi, akaandika: *Mchukuzi amesimama na gunia kichwani. Magoti yanamcheza. Hawezi kulitua peke yake. Gunia ni sisi, na vitanda vyetu, na matangi yetu ya maji. Mtueni mzigo.*

Shangazi alisoma, safari hii kimyakimya.

"Amesimama tangu lini?"

"Tangu jengo lijengwe, shangazi."

Mama yule aliitazama nguzo kutoka chini mpaka juu, polepole, kama anayemtafuta mtu uso.

"Na juzi nikaongeza kabati," alisema.

Alipanda. Mlango mmoja ukafunguliwa, kisha wa pili. Fundi alikusanya nyundo zake. Magodoro yakaanza kushuka, watoto wakabebwa migongoni. Hakuna aliyekimbia, na hilo ndilo lililomtisha karani zaidi. Shangazi alishuka peku, viatu mkononi, akiwanong'oneza waliokuwa nyuma yake:

"Taratibu jamani. Msimshtue."

Karani alimdaka mkono akamvuta hadi ng'ambo ya barabara, asimwachie. Ghorofa ya nne walikuwa bado wanashuka, mmoja mmoja, wakinyata kama wapitao kando ya kitanda cha mgonjwa.