Leseni ya Kutoka Suva

Rex Dunmore aliishika leseni ya Ateca kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Fiji," alisema.

"Ndiyo, bwana. Fiji."

"Napajua. Nilikwenda fungate kule. Ile ya pili." Akaitupa mezani. "Kule si mnaruka kwa kufuata minazi tu?"

"Minazi tukiiona vizuri, bwana, tunajua tumeshuka mno."

Dunmore hakucheka. Alikuwa mnene wa shingo, na alimiliki ndege tatu ndogo zenye jina lake ubavuni kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mabati kando ya uwanja wa ndege wa Kisiwa cha Horn, kule juu kabisa Australia inakoishia na visiwa vya Mlango wa Torres vinakoanzia. Kutoka hapo ndege zake zilipeleka watu, mikate na barua visiwani, na yeye alizungumzia kazi hiyo kama vile anapeleka watu mwezini.

Ateca Naulivou alikuwa amerusha ndege za visiwani kwao kwa miaka mingi, zaidi ya nusu yake akiwa kapteni. Alishatua kwenye viwanja vya nyasi ambako lazima kwanza mtu afukuze ng'ombe. Halafu kampuni yake ikauza ndege, marubani wakapewa keki na mkono wa kwaheri. Binamu yake Waisale, fundi wa injini kwenye feri ya kuvusha watu kati ya Horn na kisiwa jirani cha Thursday, akampigia simu. "Njoo huku. Marubani wanatafutwa kama dhahabu," alimwambia. Hakumwambia kwamba dhahabu yenyewe sharti iwe imechimbwa hukohuko Australia.

Leseni ya Fiji haikufaa mpaka ibadilishwe. Apimwe macho, masikio na moyo upya. Afanye mtihani wa sheria za anga, kisha mtihani wa kuruka. Angekuwa na leseni ya New Zealand, mambo yangekwisha kwa barua. Ateca alilitafakari sana hilo. Inaelekea wingu la New Zealand ni ndugu yake wingu la Australia, lakini wingu la Fiji ni la watalii.

Kisha kulikuwa na mtihani wa Kiingereza. Ateca alisomeshwa na masista wa Levuka, kwao Fiji, waliochapa mtu kiganja kwa kukosea koma. Mtahini wa mjini Cairns alikuwa kijana aliyeyameza maneno yote nusu, akamwonyesha picha ya ndege iliyoegemea bawa moja majanini, akamwomba aieleze.

"Ndege imetua vibaya," Ateca alisema.

"Unaweza kuongeza kidogo?"

"Imetua vibaya sana, na rubani sasa anatafuta wa kumlaumu."

Alifaulu. Kijana alimsifu kwamba anaongea vizuri mno kwa mtu wa visiwani, na Ateca akamwambia hata yeye anajitahidi.

Ateca akiwa bado anasubiri majibu ya mengine yote, Dunmore alimpa kazi ya kupima mizigo, kupima abiria na kuosha ndege. "Anzia chini," alimwambia, "karatasi zako zikikamilika tutaona." Waliokuwa juu ni vijana wawili waliotoka shule ya urubani juzijuzi. Mmoja, Lachlan, alikuwa na nywele alizozitunza kuliko injini. Alimfundisha Ateca namna ya kufunga mlango wa ndege aina ileile ambayo Ateca aliirusha tangu Lachlan yuko shule ya msingi. Ateca aliufunga, akasema asante.

Jioni Waisale alimngojea kwenye feri.

"Kapteni Ndoo," alimwita mbele ya watu. "Leo umeruka umbali gani?"

"Kutoka bawa la kushoto mpaka la kulia."

"Na hali ya hewa?"

"Povu jingi. Wewe nyamaza, fundi wa mtumbwi, nakusikia injini yako inakohoa kuliko bibi yako."

"Ni bibi yako pia."

Ndivyo walivyoishi, kama mabinamu wa kwao wanavyostahili kuishi. Lakini usiku haumsaidii mtu aliyetukanwa mchana na watu wasio binamu zake, na Ateca alikuwa amenuna zaidi kuliko alivyoonyesha.

Ilipofika Agosti, alikuwa amebakiza mtihani wa kuruka tu. Mamlaka ya anga ilimpa kibali cha muda: arushe ndege kwa shughuli binafsi, bila nauli, bila mzigo wa kulipiwa. Dunmore alikisoma kile kibali kwa makini ambayo hakuwahi kuionyesha kwa leseni yenyewe.

Ijumaa moja asubuhi Lachlan hakuja. Alikuwa amepata kazi kwenye ndege kubwa, akaaga kwa ujumbe wa simu wenye picha ya kidole gumba. Kijana wa pili alikuwa Perth kwenye harusi ya dada yake. Dunmore mwenyewe daktari alikwishamkataza kuruka kwa sababu ya moyo, jambo ambalo alimweleza kila mtu kuwa ni ugomvi wake binafsi na daktari. Na pale mbele ya mizani walikuwa wamekaa Anti Dulcie na ukoo wake, na masanduku ya vyakula, na mashada, wanakwenda Kisiwa cha Mer kufunua jiwe la kaburi la mumewe. Watu wa kule hujiandaa kwa siku hiyo miaka, na jiwe lilikwishatangulia kwa meli.

Dunmore alimvuta Ateca nyuma ya kabati.

"Leo ndiyo siku yako. Si ulitaka kuruka? Wapeleke."

"Wamelipa nauli, bwana."

"Nitawarudishia. Halafu watatoa mchango wa mafuta, kesho au keshokutwa. Leo ni rafiki zako, unawatembeza. Shughuli binafsi."

"Sijawahi kuona rafiki zangu wanapimwa kwenye mizani."

"Usinifanyie ujanja. Nimekufuga hapa miezi. Nani mwingine angekuchukua na kile kijitabu chako?"

Neno hilo, kukufuga, lilimwingia Ateca barabara. Alimtazama mtu huyu, ambaye kwa sauti yake mwenyewe hufundisha wenzake kwamba visiwani hakuna nidhamu ya anga, na sasa anataka sheria ikunjwe kama leso ili aitie mfukoni. Angeweza kucheka. Kilichomzuia ni kwamba Anti Dulcie alikuwa amesimama, amewafuata nyuma ya kabati, na alikuwa amesikia.

"Binti," mama alisema, "wewe ni rubani au si rubani?"

"Ni rubani, Anti."

"Na ndege ile ni nzima?"

"Nzima. Nimeiosha mwenyewe."

"Basi."

Hapo ndipo palipouma. Ndege ilikuwa nzima, anga jeupe, na mikono yake ilikuwa inawasha kwa hamu. Angeweza kufika Mer na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na pengine hakuna ambaye angejua.

"Anti, nikikupeleka leo na jambo likatokea, watu wa bima watasema hamkuwa abiria. Watasema mlikuwa rafiki zangu mnatembea."

"Kwani mimi si rafiki yako?"

"Leo ninakuomba usiwe."

Mama akarudi kukaa, akampa mgongo. Dunmore alitabasamu. Alidhani aibu ingefanya kazi ambayo vitisho havikuweza.

Ateca alitoka nje, akavuka lami mpaka banda la pili, kwa Noreen Whitcombe, mshindani wa Dunmore aliyerusha ndege zake mwenyewe. Noreen hakuwa malaika. Miezi michache nyuma Ateca alimpelekea maombi ya kazi, akarudishiwa bahasha haijafunguliwa. Alimkuta anakula mkate wenye nyama, miguu juu ya meza.

"Nina abiria saba wa kwenda Mer, na bosi wangu hana rubani," Ateca alisema.

"Bosi wako anajua uko hapa?"

"Atajua."

Noreen alitafuna mpaka akamaliza. Akatazama nje kwenye mashada. "Mwambie Dulcie nitawapeleka kwa safari mbili. Yeye kwanza."

Dunmore alipoona masanduku yanavuka lami, shingo yake ilibadilika rangi.

"Umewapa wapinzani wangu abiria wangu."

"Nimewapa abiria rubani."

"Toka. Na nitahakikisha simu zote kutoka hapa hadi Darwin zinajua jina lako."

"Basi ulitamke sawasawa," Ateca alisema. "Naulivou. Miezi yote hii umekuwa ukilivunja."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, akaondoka na mkoba wake, na kwenye feri akalia mbele ya Waisale, ambaye kwa mara ya kwanza alikosa la utani. Alimpa kitambaa chenye grisi, naye akajipaka grisi usoni.

Akapata kazi kwenye ghala la kambakoche kule Thursday, kuchambua wakubwa na wadogo huku akinuka chumvi mpaka kwenye nywele. Waisale alipata nguvu tena na kumwita Kapteni Kambakoche. Watu wa Mer walipokutana naye dukani, wengine walimsalimu, wengine hawakumsalimu. Anti Dulcie alimletea samaki wa kukaanga akaondoka bila maelezo, na Ateca hakujua kama ni msamaha au ni samaki tu.

Mtihani wa kuruka aliufanya Cairns, na mtahini hakupata la kuandika ila kwamba mtahiniwa hazungumzi sana. Leseni ilipotoka, habari ilimfikia Dunmore kabla ya Waisale. Dunmore alimngojea Ateca kwenye gati la feri, amevaa shati safi.

"Kapteni," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mambo ya nyuma tuyaache. Nina kiti kitupu. Nitaweka hata picha yako kwenye tangazo. Wateja wanapenda uso wa visiwani."

Ateca alimwuliza kwa upole daktari amesemaje. Dunmore alianza kueleza habari za daktari, na alipokuwa bado anaeleza, Ateca alikwishapanda feri.

Kwa Noreen, alikokwenda kuomba kazi tena, alipokelewa bila keki. "Nimesikia wewe ni mgumu," Noreen alisema. "Dunmore amenipigia mara nne. Sijawahi kusikia akimsifu mtu kwa muda mrefu hivyo. Unaanza Jumatatu, unabeba mikate. Na kuna kijana atakukagua kwanza, usimuue."

Kijana alitoka New Zealand. Njia nzima hadi Mer alimweleza Ateca habari za upepo wa visiwani, namna unavyogeuka ghafla mtu anaposhuka, na jinsi wageni wanavyoushangaa. Walipokaribia kiwanja, upepo ulikuja wa ubavuni kwa nguvu, ndege ikayumba, kijana akashika kiti. Ateca aliinamisha bawa kidogo upande wa upepo, akaweka gurudumu moja chini, kisha la pili, kisha la mbele.

Kijana alipumua. "Upepo kama huu umewahi kuuona?"

"Mara mojamoja," Ateca alisema, akafungua mlango ateremshe mikate.