Mkasi wa Bohari

Hospitali zote za mkoa zilimwita Mama Mkasi, na jina hilo alilijua, wala halikumnyima usingizi. Mkuu wa bohari ya dawa asiyekata ni mkuu wa bohari tupu. Ndivyo alivyojitetea siku zote. Hospitali ikiomba maboksi kumi, inapewa matano. Ikiomba ishirini, kumi. Wafamasia nao si wajinga. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za wafamasia zilikuwa ndefu: aliyehitaji matano aliomba kumi, akakatwa, akapata matano yake, mambo yakaenda. Mama Mkasi alijua wanamdanganya, wao walijua anajua, na kila oda mpya ikija mchezo ulichezwa upya bila mtu kucheka.

Mmoja tu alikataa kucheza, naye ni mdogo wake wa tumbo moja, mkunga mkuu wa hospitali ndogo ya mlimani. Kule hakuna mfamasia, kwa hiyo oda ya dawa aliiandika yeye mwenyewe. Katika mkutano wa mwisho alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi naomba ninachotumia. Sina cha kuongeza." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kana kwamba amesema yeye hali chakula.

Baada ya mkutano alimfuata dada yake kwenye korido.

"Dada, mimi usinikate. Za kwangu ni za kweli."

"Nikikuacha wewe, watasema nampendelea mdogo wangu."

"Si waseme!"

"Wewe watu huwajui, mdogo wangu. Nitakuwa sina pa kuweka uso."

Ikumbukwe kwamba dada ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki mdogo mtu akiwa hajaanza shule, na dada mtu ndiye aliyempikia, akamsuka, akamchapa siku alipolamba sukari ya wageni na kuapa kwamba hakuigusa. Hakumchapa kwa ajili ya sukari. Alimchapa kwa ajili ya uongo, na akamwambia hivyo huku wote wawili wanalia. Funzo lile likamwingia mtoto barabara. Leo ni mtu mzima, hajui kudanganya hata kwenye oda, na dada yake aliona fahari moyoni, kisha akachukua kalamu akamkata nusu kama wengine. Haki ni haki, alijiambia. Undugu tuuache nyumbani.

Basi ikaja asubuhi moja ya siku ya kazi, mvua inanyesha kidogo, Mama Mkasi yuko kwenye chumba cha baridi cha bohari anakagua rafu za friji. Rafu ya sindano za uzazi, zile anazochomwa mama akishajifungua ili mji wa mimba ukaze na damu ikatike, ilikuwa tupu. Mzigo mpya ulikuwa njiani kutoka bohari kuu, na neno "njiani" katika kazi ile lina maana pana sana. Simu ikalia.

"Dada, sindano za uzazi zimeniishia. Ya mwisho nimeitumia jana." Mdogo wake alikuwa anahema. "Nina mama hapa amejifungua sasa hivi. Mtoto mzima kabisa. Lakini damu haikatiki."

"Mpelekeni hospitali ya bondeni!"

"Kwa usafiri gani? Gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine, na huyu hawezi kukaa kwenye pikipiki. Namkanda tumbo kwa mikono yangu. Nitafutie sindano, Dada. Popote."

Mama Mkasi alitoka mbio hadi ofisini, viatu vikipiga sakafu, simu ya mkononi bado ikiwa hewani. Kutoka boharini hadi mlimani ni safari ya nusu siku. Lakini kutoka hospitali ya bondeni, pikipiki inapanda mlima upesi tu. Akanyanyua simu ya mezani, akampigia mfamasia wa bondeni, mzee ambaye wenzake walimbatiza Mzee Hatuna, kwa sababu hata ukimsalimia utadhani atakujibu hatuna.

"Una sindano za uzazi?"

"Hatuna, bosi."

"Mzee, sikagui. Kuna mama anavuja damu mlimani."

"Poleni sana, bosi. Na sisi zimetuishia."

Alijua anadanganywa. Oda ya mzee yule aliikata kwa mkono wake mwenyewe, alijua amempa ngapi, na hospitali yake haina wazazi wengi wa kuzimaliza. Lakini alijua pia kwa nini anadanganywa. Mwaka uliopita aliwapigia simu wafamasia wote kwa sauti ya huruma: jamani, nani ana ziada awasaidie wenzake? Naapa sitamkata. Waungwana wachache walikiri wanazo. Oda iliyofuata, hao waungwana akawakata zaidi ya wote, kwa kuwa walishajitaja wenyewe. Siku ile alijiona mjanja kweli kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye sasa alikuwa ndani hadi shingoni.

"Mzee wangu, nakuomba. Si kama mwaka jana. Naapa."

"Mwaka jana pia uliapa, bosi."

Mama Mkasi akaichukua simu ya mkononi, akaiweka spika, akailaza juu ya meza karibu na mdomo wa simu ya mezani. Mtunza stoo aliyekuwa mlangoni na mafaili yake alisimama pale pale.

Chumba cha kujifungulia cha mlimani kikaingia ofisini. Ndoo iliburutwa. Mtoto mchanga alilia kwa nguvu za mtu asiyejua kitu. Sauti ya mdogo wake ilisikika, si ya kuzungumza na simu tena: "Bonyeza hapo, usiachie! Mama, nitazame. Nitazame mimi, usilale. Jina la mtoto umeshalichagua? Niambie jina." Kisha sauti ya mwanamke mzee, mama wa mgonjwa bila shaka, akirudia neno moja tu, mwanangu, mwanangu, mwanangu.

Mzee Hatuna akavuta pumzi.

"Zipo," akasema. "Zipo kwenye friji, nyuma ya soda za wauguzi."

"Zitoe! Weka kwenye kisanduku cha barafu, mpe mtu wa pikipiki, sasa hivi!"

"Natoa, bosi." Akasita. "Lakini nikitoa, oda ijayo hutanikata?"

Hata hapo! Hata na kilio kile sikioni! Mama Mkasi alitaka kumtukana tusi ambalo hajawahi kulitoa maishani. Kisha akaelewa kwamba mzee anauliza swali ambalo yeye mwenyewe amemfundisha kuuliza, na hasira ikamwisha, akabaki na hofu tupu.

"Sikukati. Kwa kaburi la mama yangu, sikukati. Nenda, mzee wangu, nenda."

Baada ya hapo hapakuwa na kazi ya kufanya isipokuwa kungoja. Mkuu wa bohari nzima, mwenye magari, funguo na mihuri, alikaa kwenye kiti akiwa ameikumbatia simu. Alimwomba Mungu pikipiki isiteleze. Akaomba yule mama awe na damu nyingi. Akaomba, na hili lilimtia aibu, kwamba kama ni lazima mtu afe, asife mikononi mwa mdogo wake.

Mdogo wake alipozungumza tena, sauti ilikuwa kavu.

"Dada."

"Naam, mwanangu. Zimefika?"

"Zimefika. Mwenye nazo ameshatangulia."

Mtoto bado alikuwa analia kule nyuma, na bibi yake sasa alikuwa anauliza watu wa chumbani, mmoja mmoja, kwamba huyu atanyonya wapi. Mama Mkasi aliinamisha kichwa juu ya meza akalia mbele ya mtunza stoo wake, kwa sauti, bila kujificha. Oda ya mdogo wake ingejazwa yote, sindano zingekuwapo. Hilo halikuhitaji mwenye shahada kulikokotoa.

Mzigo mpya ulipofika, aliitisha mkutano. Aliwaeleza wafamasia wote kilichotokea, bila kujipamba. Akawaambia kwamba kukata kumekwisha, kila mtu aombe anachotumia na atapewa hicho hicho. Walimsikiliza kwa adabu. Wengine walimpa pole. Kiti cha mlimani kilikuwa kitupu. Mdogo wake alituma salamu kwamba ana wagonjwa.

Oda zikaja. Alizifungua kwa matumaini ya mtu anayepanda mbegu kwenye jiwe. Wote walikuwa wameomba maradufu, kama kawaida yao. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe alikuwa ameshakaa kitako juu ya meza yake. Ya mlimani aliiacha iwe ya mwisho, kwa makusudi, apate walau moja ya kumliwaza.

Aliisoma. Akaisoma tena. Kisha akapiga simu.

"Mdogo wangu, hizi sindano ulizoomba ni nyingi. Kule kwako wanajifungua wangapi?"

"Ni wale wale, bosi."

Bosi. Tangu azaliwe hajawahi kumwita hivyo.

"Basi hizi nyingine zote za nini?"

"Hizo ni za kwako," mdogo wake akasema, taratibu, bila hasira hata kidogo. "Kata tu, bosi. Nimeshakuwekea na za kukata."